Likizo Katika Zama za Wengine

Wakati ulio mkononi humchosha mwanadamu, na wakati uliokwisha kumponyoka humvutia. Tamaa hii ni ya kale, wala haikuanza na sisi. Wazee wa kila kabila huwaambia vijana kwamba mvua za zamani zilikuwa na adabu, ng'ombe walikuwa na maziwa, na watoto walikuwa na masikio. Kijana husikiliza, na moyoni mwake hutamani kuiona nchi iliyosifiwa kiasi hicho. Kwa karne nyingi tamaa yake haikuwa na njia ya kutimizwa ila moja, nayo ni hadithi. Akisikia au akisoma huingia. Hadithi ikiisha hutoka. Lakini katika siku zetu imezuka njia nyingine, nayo ni ya kulipiwa. Mtu hufunga mzigo wake, hutoa fedha, akapelekwa mahali palipotengenezwa pafanane na zama alizozisoma kitabuni. Huko huvua nguo zake na kuvaa za kale, huitwa kwa jina la mtu wa kale, hula kwa mwanga wa mishumaa, na kwa juma moja au mawili huishi kana kwamba karne mbili hazijapita.

Nauliza swali moja juu ya likizo ya namna hii: je, ni jambo la adili kuyafanya maisha ya watu waliokufa kuwa mahali pa kupumzikia? Huenda msomaji akaona kwamba swali ni zito kupita jambo lenyewe. Kuvaa kofia ya babu si dhambi, na mchezo ni haki ya kila mwenye pumzi. Nakubali. Walakini mambo mepesi yana desturi ya kubeba mazito, kama sisimizi abebaye punje iliyo kubwa kuliko mwili wake. Na mtu akitaka kujua uzito wa punje haimfai kumtazama sisimizi peke yake.

Katika mwaka 2017 mwandishi wa Marekani, Katherine Reay, alitoa riwaya iitwayo The Austen Escape. Ndani yake wamo marafiki wawili waliojuana tangu utoto, Mary na Isabel. Mary ni mhandisi katika mji wa Austin, jimbo la Texas, mtu wa hesabu na vipimo. Isabel ni mtu wa vitabu, naye amezama katika riwaya za Jane Austen, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1775 na kufariki mwaka 1817. Marafiki hawa wanasafiri mpaka Uingereza, upande wa Bath, wakae katika jumba la kale ambamo wageni huvaa na kuenenda kama watu wa vitabu vya mwandishi huyo. Huko Isabel anapatwa na msiba wa ajabu. Kumbukumbu zake zinampotea, naye anaamini kweli kwamba yeye ni mtu wa zama zile. Kwa wageni wengine nguo ni nguo; kwake zimekuwa ngozi. Mary anabaki kando yake, akijua tarehe ya siku, akijua jina la rafiki yake, na akijua pia kwamba urafiki wao ulikuwa na nyufa kabla hawajapanda ndege.

Mwandishi hakubuni jambo lisilokuwapo duniani. Mji wa Bath, ambao Jane Austen alikaa kwa miaka michache, umekuwa na tamasha la kila mwaka kwa heshima yake tangu mwaka 2001, na mamia ya watu hupita njiani wakiwa wamevaa makoti marefu, kofia za utepe na glavu, kama kwamba wamealikwa kwenye karamu iliyokwisha zamani. Wanaofanya hivyo si wendawazimu. Ni waalimu, makarani, wauguzi na wastaafu, wapenzi wa vitabu, watu wema aghalabu.

Nimelitafakari sana tukio la Isabel, na kila nikilitafakari naona kwamba ugonjwa wake umefunua jambo ambalo uzima wa wenzake ulilificha. Katika nyumba ile yote ni yeye peke yake aliyeingia katika zama za kale. Wengine wote walisimama kizingitini. Walivaa, wakala, wakacheza dansi, lakini kila mmoja alijua siku ya kuondoka, na hati ya safari ilikuwa katika mkoba wake. Watu wa kweli wa zama zile hawakuwa na siku ya kuondoka. Binti asiye na mahari katika mwaka 1810 hakuweza kusema, "Nimechoka na jambo hili, nirudishieni simu yangu." Jane Austen mwenyewe alitoa vitabu vyake vya kwanza bila ya jina lake juu ya jalada, akafa akiwa na umri wa miaka 41 kwa maradhi ambayo hata leo wataalamu wanabishana juu ya jina lake. Mgeni wa leo huazima dirisha la bibi huyo, meza yake na kikombe chake, lakini haazimi maradhi yake. Dawa zake zimo sandukuni, na daktari yuko umbali wa mlio mmoja wa simu.

Hapa pana tofauti ya kwanza kati ya kuishi na kuzuru. Anayeishi hana mlango wa kutokea ila kaburi. Anayezuru ana mlango, na kujua kwamba mlango upo hubadili ladha ya kila kitu kilichomo chumbani. Giza la usiku mmoja bila ya umeme ni tamu kwa mtu ambaye kesho atawasha taa. Sisi wa mashambani tulioanza kusoma kwa kibatari twajua kwamba utamu ule hautoki katika giza.

Lakini mlango wa kutokea ni jambo dogo kuliko mlango wa kuingilia. Tazama, msomaji, wageni wa jumba lile wanaingilia wapi. Wote wanaingilia mlango wa mbele. Hakuna alipaye nauli ya kuvuka bahari ili aamke saa kumi za usiku kuwasha moto katika vyumba vya watu waliolala, au achukue maji ya kuoga kwa ndoo mpaka ghorofa ya pili. Na katika Uingereza ya Jane Austen waliowasha moto na kuchukua maji walikuwa wengi kuliko waliocheza dansi. Likizo ya zamani, kwa hiyo, huwafufua mabwana wote na kuwaacha watumishi wao makaburini. Tena nyuma ya watumishi walikuwapo wengine ambao hata jikoni hawakuonekana. Katika mwaka 1814 Jane Austen alitoa Mansfield Park, riwaya ya nyumba kubwa ya heshima ambayo bwana wake ana mali katika kisiwa cha Antigua, naye huondoka kwenda kuitazama. Mali ya Antigua katika miaka ile ilikuwa miwa, na miwa ilikuwa jasho la watumwa Waafrika. Bunge la Uingereza lilikuwa limekataza biashara ya kununua na kuuza watu katika mwaka 1807, lakini waliokwisha kununuliwa walibaki watumwa, na sheria ya kuufuta utumwa wenyewe ilipitishwa katika mwaka 1833. Mwandishi aligusa jambo hilo kwa ncha ya kalamu tu, lakini aligusa. Nadhani alikuwa mkweli kuliko wengi wanaovaa nguo za watu wake, kwa kuwa yeye angalau alitaja mahali sukari ilikotoka.

Msomaji asidhani kwamba nawanyoshea kidole Wazungu peke yao. Sisi wa lugha ya Kiswahili tunazo nyumba zetu za kale tuzipendazo. Nani kati yetu asiyetamani kukaa juma moja, mnamo mwaka 1858, katika nyumba ya Mwana Kupona, alipokuwa mgonjwa akimtungia binti yake utenzi wa mawaidha? Tungependa kuona vidaka ukutani, kunusa udi, kusikia lafudhi ya Kiamu ikitoka katika kinywa cha mwenyewe. Lakini katika utenzi huo huo mama anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila katika saa za kazi. Kwa hiyo watumwa walikuwapo nyumbani. Waliteka maji, walifagia ua, na mmoja wao yamkini alishika kipepeo pembeni mwa kitanda cha mgonjwa wakati beti zile zikitungwa. Utumwa haukufutwa katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Basi tukijenga upya nyumba ile kwa likizo, kile kipepeo nani atakishika? Mtu wa bara kama mimi hana budi kujiuliza swali hili kabla ya kununua tiketi, maana sidhani kwamba mnamo mwaka 1858 ningepokewa sebuleni.

Kenya yetu inayo likizo yake ya kitabuni, nayo inajulikana dunia nzima. Karen Blixen, mwanamke wa Denmark, alifika nchini katika mwaka 1914, akalima kahawa chini ya vilima vya Ngong, akaondoka katika mwaka 1931 shamba likiwa limemshinda. Katika mwaka 1937 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake, Out of Africa. Filamu iliyotokana nacho ilionyeshwa katika mwaka 1985, na katika mwaka uliofuata nyumba yake ilifunguliwa kuwa makumbusho. Tangu hapo wageni wengi wamekuja Kenya kutafuta si Kenya bali kitabu. Ziko kambi za watalii zinazojisifu kuwa ni za mtindo wa miaka ya 1920: mahema makubwa ya turubai, mabirika ya shaba, santuri ya kuzungusha kwa mkono, na watumishi katika kanzu nyeupe. Na katika makumbusho yenyewe baadhi ya vyombo vilivyomo si vya mwenye nyumba bali ni vya filamu. Jambo hili hunichekesha kila nikilikumbuka. Mgeni husafiri nusu ya dunia kuiona zamani, akasimama kwa heshima mbele ya kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza.

Sitaki kumdhulumu Karen Blixen. Alipojua kwamba shamba lauzwa alihangaika katika ofisi za serikali ili Wakikuyu waliokaa juu ya ardhi ile wapewe mahali pa kukaa pamoja, wasitawanywe kama mbegu mbaya. Hilo ni sifa kwake. Lakini tazama neno lenyewe: wapewe. Watu waombewe nafasi ya kukaa katika nchi waliyozaliwa! Hilo ndilo lililokuwa jambo la kawaida katika zama ambazo leo hulipiwa kwa fedha nyingi ziitwe za mapenzi na upana wa mbingu. Na uko mlango mwingine wa nyumba ile ile. Mpishi wake, Kamante, ambaye ameandikwa sana katika kitabu cha bibi yake, aliishi miaka mingi baada yake, na katika mwaka 1975 kumbukumbu zake zilichapwa kuwa kitabu. Mtu akisoma vitabu viwili hivyo pamoja huona nyumba moja kutoka pande mbili, sebuleni na jikoni, na hapo ndipo nyumba huanza kuwa na kuta nne. Kwa bahati mbaya wasomao cha kwanza ni wengi, na wasomao cha pili ni wachache mno.

Sasa niilete habari hii mahali ninapoifahamu. Likuyani, upande wa kaskazini wa Kakamega, ilikuwa sehemu ya zile nyanda za juu zilizotengwa kwa ajili ya Wazungu. Mji ulio jirani yetu, ambao leo waitwa Moi's Bridge, uliitwa Hoey's Bridge kwa jina la setla. Ardhi iligawanywa katika mashamba makubwa ya mahindi, ngano na ng'ombe, na waliolima walikuwa watu walioitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi ya mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka ili waruhusiwe kujenga kibanda na kulima kipande cha ardhi. Mwanamume alichukua kipande cha namna nyingine pia, yaani karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Sheria yake ilitungwa katika mwaka 1915, ikaanza kushika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Katika miaka ya 1960 mashamba yale yalinunuliwa na kukatwa vipande, na watu wakapewa makao kwa mkopo wa serikali. Babu zetu na nyanya zetu wengi walifika wakati huo kutoka Maragoli, Bunyore, Bungoma na kwingineko, wakiwa na kuku, majembe na deni. Wengine hawakufika, kwa sababu walikuwapo tangu zamani. Walikuwa ndio vibarua wa mashamba yale yale.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu hivi: tuseme kwa juma moja twairudisha Likuyani ya mwaka 1930, kila mtu akachagua nafsi ya kuvaa; nani atakuwa nani? Vijana walifurahi. Mmoja alitaka kuwa setla kwa ajili ya farasi. Msichana mmoja alitaka kuwa mke wa setla kwa ajili ya nguo. Watatu waligombea kuwa nyapara, na sababu yao ilikuwa kiboko. Mmoja alitaka kuwa dereva wa gari moshi la Kitale. Nilingoja apatikane skwota, hakupatikana. Hatimaye kijana wa nyuma aliuliza, "Mwalimu, skwota atapewa nini cha kula?" Nilimjibu kwamba atapewa posho ya unga. Akauliza tena kama mchezo utakwisha Ijumaa au Jumamosi.

Nilicheka pamoja nao, na sikuwalaumu. Kila mmoja wao ni mjukuu au kitukuu cha watu wale ambao nafsi zao hazikutakiwa na mtu, lakini moyo wa binadamu ukipewa ruhusa ya kuchagua huchagua farasi. Mimi mwenyewe ningechagua gari moshi. Jambo lililonishughulisha ni lingine. Katika dakika kumi za mchezo tuliijaza Likuyani masetla na manyapara, tukabaki na mashamba yasiyo na mtu wa kuyalima, wala hakuna aliyeona upungufu mpaka njaa ilipotajwa. Ndivyo likizo za zamani zinavyosema uongo. Kila kitu kimoja kimoja ndani yake chaweza kuwa cha kweli, kitambaa, taa, hata namna ya kuinama. Lakini hesabu ya watu si ya kweli. Na uongo wa hesabu ni mgumu kuugundua kuliko uongo wa maneno, kwa kuwa hakuna mtu aliyeusema.

Yuko atakayenijibu kwamba basi ni afadhali kuiacha zamani ilale. Jibu hilo silipendi. Kuna kuvaa zamani kwa namna nyingine, na hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali kuiona. Kila mwaka wa namba shufwa, mwezi wa Agosti, vijana wa Kibukusu hutahiriwa. Kijana hupiga kengele ziitwazo chinyimba, huzunguka kuwaalika jamaa, humwendea mjomba, huimba na kuimbiwa. Na alfajiri ya siku yenyewe hupakwa tope la mtoni, akarudi nyumbani akiwa kama kiumbe aliyetolewa udongoni wakati ule ule. Pale zamani huvaliwa mwilini hasa. Lakini hiyo si likizo. Damu ni yake, woga ni wake, na wanaomtazama ni watu watakaomkumbusha maisha yake yote jinsi alivyosimama. Ameingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine. Mgeni wa jumba la Bath hutokea kwa mlango ule ule alioingilia, na mtu yule yule, isipokuwa mkoba wake umepungua uzito. Sisemi kwamba kila ajifunzaye zamani lazima aumie; nasema kwamba zamani isiyomdai mtu kitu hata kidogo yaelekea si zamani, ni pambo.

Turudi kwa Mary na rafiki yake, kwa sababu hapo ndipo naona jambo jema katika mambo haya yote. Mtu aliyesahau yeye ni nani yuko mikononi mwa mtu anayemjua. Mary angeweza kumcheka. Angeweza pia kumwacha katika ndoto yake, kwa kuwa ndoto ile ilikuwa tamu, na kumwamsha mtu katika utamu ni kazi isiyo na shukrani. Kuna watu wauitao ukimya wa namna hiyo upole. Mimi nauita uvivu. Rafiki anayekuacha uamini kwamba u malkia, na huku ajua kwamba kodi ya nyumba yako haijalipwa, amejipunguzia usumbufu yeye, hakukupunguzia wewe. Kwa upande wa pili, yule anayekukurupusha kwa kelele mbele za watu hutaka zaidi kuonekana macho kuliko kukuona wewe umeamka. Kazi ya rafiki iko katikati, nayo ni ngumu: kukaa pamoja na aliyesahau, kumshika mkono ndani ya ndoto yake, na kwa muda wote huo kutoisahau tarehe.

Nami naona kwamba kundi lolote liendalo kuzuru zamani, iwe kwa kitabu, kwa filamu, kwa tamasha au kwa likizo ya kulipia, lahitaji mtu mmoja wa namna hiyo. Wengine wacheze. Yeye akumbuke waliomo jikoni. Asiwe mtu wa kununa, maana mnunaji huharibu karamu na asisikilizwe. Awe tu mtu ajuaye mlango wa nyuma uko wapi, naye aweze kuwapitisha wenzake humo kwa dakika chache kabla chai haijapoa.

Labda msomaji anadhani kwamba hayo ni mambo ya Bath na Ngong, mbali na shamba la mahindi la baba yake. Sivyo. Katika nyanda zetu zingali zimesimama baadhi ya nyumba za masetla, za mawe, zenye mahali pa kuotea moto na veranda pana. Nyingine zimekuwa ofisi, nyingine madarasa, nyingine zaezuka mabati polepole. Tuseme kesho aje tajiri, atengeneze moja ya nyumba hizo, alete vitanda vya chuma na taa za mafuta, kisha atangaze duniani kwamba mgeni aweza kuja kukaa katika miaka ya 1920. Atahitaji vijana wa kuvaa kanzu nyeupe na kofia nyekundu, kupakua supu, na kuitika "Ndiyo, Memsaab." Mshahara utakuwa mzuri. Kijana aliyemaliza shule na hana kazi, na nyuma yake kuna wadogo watatu wanaongoja karo, aikubali kazi hiyo au aikatae?

Wako watakaosema aikatae kwa heshima ya babu yake. Ni rahisi kusema hivyo mtu akiwa na mshahara wake mwenyewe. Kupakua supu ni kazi ya halali, wala kanzu haina kosa. Wazee wetu walivaa kanzu kwenye harusi zao. Tena babu huyo, kama angalikuwapo, yaelekea angaliuliza kwanza ni shilingi ngapi. Mimi ningemtazamia kijana jambo jingine: ulimi. Kuna mtumishi anayelipwa kwa kazi ya mikono yake, na jioni mgeni akimwuliza habari za nyumba, aweza kumwambia nani alilima, kwa siku ngapi, na kibweta cha bati kilining'inia wapi. Na kuna mtumishi anayelipwa ili awe babu yake mwenyewe asiye na sauti, yaani awe kiti kingine miongoni mwa viti vya kale. Wa kwanza amekodisha mikono yake, kama tufanyavyo sote. Wa pili amekodisha wafu wake, na sijui ni mshahara wa namna gani utoshao kwa hilo.

Nililitoa swali hili pia darasani. Kijana yule wa nyuma, aliyeuliza habari za posho, alisema kwamba angeikubali kazi, lakini kwa sharti moja: kati ya siku saba za mgeni, siku moja alale katika kibanda cha wafanyakazi na kuosha masufuria. Wenzake walimcheka, wakamwambia kwamba hakuna mtu duniani atakayetoa fedha ili aoshe masufuria ya wengine. Yeye alishikilia kwamba atakuwapo, hata kama ni mmoja kwa mwaka, na kwamba huyo ndiye ambaye angependa kumwonyesha shamba. Kengele ilipolia walikuwa bado wakibishana, wakatoka nao ubishi huo mpaka uwanjani.